Pima Koili Ikishapata Moto

Wazee wangu, shikamooni. Na nyinyi wanangu mnaojifunza ufundi, shikamoo zenu nimezipokea tangu getini, marahaba.

Niliombwa nije nizungumzie umeme wa magari kwa ujumla. Nikaomba ruhusa nizungumzie kitu kimoja tu, tena katika gari moja tu: koili za Mazda RX-8, yaani vile vifaa vinavyozipa plagi umeme wa cheche. Mnaweza kuona ni jambo dogo la kuwatoa watu nyumbani Jumamosi asubuhi. Lakini mimi gari hili lilinifundisha kwa machungu, na nikiondoka hapa bila kuwasimulia nitakuwa nimewanyima kitu ninachokijua vizuri kuliko vyote.

Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniletea RX-8 gereji. Aliniambia gari linakosa pumzi injini ikifika mizunguko elfu sita kwa dakika. Nikafungua plagi, nikaona zimechoka, nikafunga mpya zote nne. Nikawasha. Injini ikanguruma kama imetoka kiwandani jana. Nikachomeka mashine ya kupimia, haikutoa kodi hata moja, yaani namba ya kosa. Nikamwambia, "Mdogo wangu, gari zima, nenda salama."

Baada ya wiki tatu akaenda Morogoro. Alipopita Chalinze, taa ya injini ikaanza kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima. Hakusimama. Na kwa nini asimame, wakati fundi alishamwambia gari ni zima? Kabla hajafika Mikese likamzimikia barabarani, na halikuwaka tena. Tulipolivuta hadi gereji na kufungua bomba la moshi, masega ya ndani yanayosafisha moshi yalikuwa yameyeyuka na kuganda kama nta, moshi hauna pa kupita. Mgandamizo, yaani nguvu ya kubana hewa, wa rota ya nyuma, ile sehemu inayozunguka ndani ya injini, ulikuwa umekwisha. Injini nzima ikawa ya kufungua. Na chanzo cha yote kilikuwa koili moja, kitu kinachoenea kwenye kiganja.

Nilikosea wapi? Nililipima gari likiwa baridi, limesimama uani, halina mzigo wowote. Plagi zile mpya zilikuwa rahisi kurukwa na cheche, zikaisaidia koili iliyochoka kwa siku chache, nami nikadhani nimeponya ugonjwa. Tangu siku ile nimeishika sheria moja, na ndiyo niliyowaletea leo: koili hupimwa ikishapata moto, injini ikiwa inafanya kazi.

Sasa tuielewe injini yenyewe, maana bila hilo mtapima kwa kubahatisha. RX-8 haina pistoni. Ina rota mbili zenye pembe tatu, zinazozunguka ndani ya nyumba zenye umbo la yai lililobanwa kiunoni. Wazo lilikuwa la Mjerumani Felix Wankel, na injini ya kwanza ya majaribio iliwaka mwaka 1957 katika kampuni ya NSU. Mazda wa Hiroshima wakalichukua wazo hilo, wakatoa gari la Cosmo Sport mwaka 1967, na mwaka 1991 gari lao la mashindano, 787B, likashinda mbio za saa 24 za Le Mans. RX-8 ilitoka mwaka 2003 na ikaachwa kutengenezwa mwaka 2012. Nawatajia haya kwa sababu nimewasikia mafundi wengi wakifungua boneti, wakatazama, wakasema, "Injini hizi ni mbovu." Si mbovu. Ukoo wa injini ulioshinda Le Mans hauwezi kuwa mbovu. Una masharti yake tu, na sharti la kwanza ni cheche kali.

Kila rota ina plagi mbili. Chumba cha kuchomea mafuta katika injini hii ni kirefu na chembamba, tena kinahama kadiri rota inavyozunguka, kwa hiyo moto wa plagi moja hauwezi kukifagia chote kwa wakati. Plagi ya chini hutangulia kuwasha, na ya juu hufuatia kumalizia. Kwenye vitabu vya gari utaona L kwa ile ya kutangulia na T kwa ile ya kufuatia. Rota mbili, plagi nne, koili nne. Koili zote nne zina namba moja ya spea, na hilo litatusaidia sana mbele. Plagi si hivyo. Ya kutangulia na ya kufuatia ni aina mbili tofauti: kwa plagi za kampuni ya NGK moja ni RE7C-L na nyingine RE9B-T. Ukizichanganya, umelipatia gari ugonjwa ambao halikuja nao.

Sasa sikilizeni hesabu hii, maana ndiyo inayoeleza kwa nini koili za gari hili huchoka mapema. Katika injini ya pistoni ya kawaida, kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili ya shafti, ule mhimili unaozungushwa na injini. Katika RX-8 kila rota huwasha mara moja katika kila mzunguko wa shafti. Aina ya gia sita za mkono inaruhusiwa kufika mizunguko 9,000 kwa dakika. Kwa hiyo kila koili inapiga cheche 9,000 kwa dakika, yaani 150 kwa sekunde. Injini ya pistoni yenye koili moja kwa kila plagi, kwa kasi hiyo hiyo, koili yake ingepiga 75. Koili ya RX-8 inafanya kazi ya koili mbili, na imefungwa na wenzake juu ya injini yenyewe, pale pale joto linapopanda.

Na koili ni nini? Ni nyaya mbili za shaba zilizosokotwa kuzunguka kiini cha chuma. Waya wa kwanza ni mnene, una mizunguko michache, na hupitisha umeme wa betri. Umeme huo unajenga sumaku. Kisha swichi ya kielektroniki, ambayo katika RX-8 imo ndani ya koili, inaukata umeme ghafla. Sumaku inaporomoka, na katika waya wa pili, mwembamba kama unywele na wenye mizunguko maelfu, unazaliwa umeme wa volti zaidi ya 20,000. Huo ndio unaoruka kwenye plagi. Lakini sumaku haijengeki papo hapo. Koili inahitaji muda wa kujaa, na kwa cheche 150 kila sekunde, muda wote uliopo kati ya cheche moja na nyingine haufiki hata sehemu saba za elfu za sekunde. Koili iliyochoka, injini ikiwa taratibu, inapata muda wa kujaa na inatoa cheche ya kuridhisha. Ukikanyaga, muda unapungua na udhaifu unajitokeza. Ndiyo maana yule kijana aliniambia elfu sita. Alinipa jibu zima, nami sikulisikia.

Ongezeni joto juu ya hapo. Ukinzani wa shaba, yaani ugumu wake wa kupitisha umeme, unapanda kadiri inavyopata moto. Kutoka nyuzi joto 30 za asubuhi yetu hadi 110 chini ya boneti, unaongezeka karibu theluthi moja, na umeme unaojaza koili unapungua. Halafu kuna ile gundi ngumu inayozijaza nyaya ndani ya koili na kuzitenga. Baada ya miaka ya kupata moto na kupoa, inafanya nyufa. Koili ikiwa baridi ufa umejibana, cheche inakwenda kwenye plagi. Ikipata moto ufa unafunguka, na umeme wa volti elfu ishirini hautafuti heshima, unapita njia ya karibu. Unavujia kwenye chuma, na plagi inabaki bila kitu. Koili ya namna hiyo asubuhi ni nzima na mchana ni mgonjwa. Ukiipima asubuhi utaapa mbele ya mwenye gari kwamba haina kosa.

Wapo mafundi wanaochukua multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, wanapima ukinzani wa koili mezani, wanaandika namba. Kwa koili za zamani zenye pini mbili, hilo lilikuwa na maana kidogo. Kwa RX-8, ambayo koili yake ina swichi ndani na pini tatu, multimita inapima swichi na vitu vingine vyote kwa pamoja, na namba unayoipata haikuambii chochote juu ya cheche. Msiikalie meza hiyo.

Anzeni kwa mdomo. Dereva ameishi na gari, wewe umelikuta leo. Muulize: linaanza baridi au baada ya foleni? Linakataa ukikanyaga kwa nguvu kupanda kilima, au hata ukiwa unatembea taratibu? Mafuta yameongezeka kuliwa? Kuna harufu ya petroli mbichi nyuma? Linapiga mlio kwenye bomba ukiachia ekseleta? Na swali hili msilisahau: linawaka kwa shida likiwa limepata moto?

Swali hilo la mwisho limewaponza wengi, kwa sababu RX-8 yenye mgandamizo uliochoka nayo huwaka kwa shida ikiwa ya moto. Wengi wakilisikia tu wanahukumu injini, na mwenye gari anaambiwa atafute injini nyingine. Mimi nimepokea gari lililohukumiwa hivyo, likaondoka na koili nne na plagi nne, na bado linatembea. Tofauti iko hapa: injini yenye mgandamizo dhaifu, ikishawaka na kupandishwa mizunguko, kwa kawaida inavuta bila kukatakata. Yenye koili mbovu inaanza kukatakata pale pale unapopanda. Si kipimo cha mwisho, lakini kinakuonyesha pa kuanzia.

Kisha chomekeni mashine. Kompyuta ya gari haioni cheche. Inachosoma ni mwendo wa shafti: rota ikikosa kuwaka, shafti inasita kidogo, na kompyuta inaandika. P0301 ni rota ya mbele, P0302 ni ya nyuma, P0300 ni misi, yaani kukosa kuwaka, isiyokaa mahali pamoja. Haiwezi kukuambia ni plagi ya kutangulia au ya kufuatia. Na kuna hatari kubwa zaidi: koili ya kufuatia ikifa, ile ya kutangulia bado inawasha chumba, shafti haisiti sana, na mara nyingi hakuna kodi kabisa. Gari linatembea. Limepoteza nguvu kidogo, linakula mafuta zaidi, lakini linatembea. Wakati huo mafuta ambayo hayakuishia kuungua chumbani yanaendelea kuungua kwenye bomba la moshi na ndani ya masega. Injini hii tangu mwanzo moshi wake una joto kali kuliko wa pistoni. Unaliongezea moto juu ya moto. Hivyo ndivyo gari la yule kijana lilivyokufa, kimyakimya, kwa wiki tatu.

Mashine inaweza pia kuwapoteza kwa njia nyingine. Rota isipowaka, hewa yake inatoka na oksijeni yote haijatumika. Sensa ya oksijeni inaiona oksijeni hiyo, inaiambia kompyuta kwamba mafuta ni machache, na kompyuta inaongeza mafuta. Fundi anasoma "mafuta machache", ananunua pampu ya mafuta, ananunua sensa, ananunua pua za mafuta. Fedha ya mwenye gari inakwisha na koili imekaa pale pale. Mkiona mafuta machache na misi kwa pamoja, tafuteni cheche kwanza.

Sasa kipimo chenyewe. Endesha gari hadi injini ishike joto lake la kazi, na ukiweza lipitishe kwenye foleni kabla ya kurudi gereji. Chukua ile taa ya kupimia taimingi, yaani wakati wa cheche, yenye kibanio kinachoshika waya wa plagi. Kiweke kwenye waya wa kwanza, mtu mwingine akanyage ekseleta polepole hadi mizunguko elfu nne, wewe tazama taa. Ikiwaka mfululizo bila kuruka, nenda waya wa pili. Fanya hivyo kwa nyaya zote nne. Waya ambao taa yake inaruka, inapotea na kurudi, huo umekuonyesha njia. Hii ndiyo namna rahisi ya kuikamata koili ya kufuatia iliyokufa bila kodi.

Kabla hujailaumu koili, pima umeme unaoifikia. Injini ikiwa inawaka, betri ikisoma volti 14 na soketi ya koili ikisoma 11, koili haina hatia. Una waya ulioliwa, au sehemu ya kuungia waya kwenye bodi ya gari imeshika kutu. Koili inayopewa umeme nusu inatoa cheche nusu. Nchi yetu ya pwani hii chumvi haiachi kitu, na waya wa bodi uliooza nimeukuta mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Halafu badilishana. Hapa ndipo zile koili zenye namba moja zinapotufaa. Tuseme kodi ni P0301, rota ya mbele. Toa koili ya kutangulia ya mbele, weka mahali pa koili ya kutangulia ya nyuma, na ya nyuma ilete mbele. Usiguse waya, usiguse plagi. Futa kodi, endesha mpaka lipate moto, tena endesha kwa mzigo. Kodi ikihamia P0302, koili imejisema yenyewe. Ikibaki mbele, rudisha, fanya hivyo hivyo kwa koili za kufuatia. Ikibaki tena mbele, hamisha nyaya, kisha plagi, ya kutangulia kwa ya kutangulia. Kitu kimoja kila safari. Najua inachosha. Fundi anayebadilisha vitu vinne kwa mpigo anaweza kulitengeneza gari na asijue alitengeneza nini, na gari lijalo litamshinda.

Kodi ikikataa kuhama baada ya yote hayo, hapo sasa pima mgandamizo, na upime kwa kifaa cha injini za rota. Geji ya kawaida inabaki na namba ya upande wenye nguvu kuliko mingine, na rota ina pande tatu. Upande mmoja unaweza kuwa umekufa na geji ikakuficha. Kiwango cha chini cha Mazda ni kilopaskali 680 kwa kila upande, injini ikizungushwa mizunguko 250 kwa dakika.

Wanangu, kuna tabia moja nataka niikataze mbele ya wote. Ile ya kuchomoa waya wa plagi injini ikiwa inawaka ili usikie kama mlio utabadilika. Tulifundishwa hivyo kwenye magari ya zamani, nami niliwafundisha wenzangu. Kwenye gari hili, umeme wa volti elfu ishirini ukikosa plagi unatafuta pa kwenda, na mara nyingi unaipasua koili kutoka ndani au unaiua ile swichi. Unaweza kuua koili nzima ukitafuta mbovu. Wakati huo huo petroli mbichi inamwagika kwenye masega yenye moto. Na mkono wako uko pale pale. Acheni.

Kwa wenye magari nina maneno mawili. Taa ya injini ikiwaka na kutulia, nenda taratibu ukatafute fundi. Ikipepesa, maana yake masega yanaharibika wakati huo huo unaoitazama. Ondoa mguu, toka barabarani, zima. Ita gari la kuvuta. Gharama ya kuvutwa kutoka Chalinze ni ndogo sana mbele ya gharama niliyoiona.

La pili ni spea. Koili ikithibitika ni mbovu, badilisha zote nne, maana zimezaliwa siku moja na zimekula joto moja. Wamiliki wengi wa RX-8 duniani wanazihesabu koili kama plagi, kitu cha kuisha, na wanazibadilisha kila baada ya kilomita 50,000 hivi bila kungoja misi. Mazda wenyewe waliitengeneza upya koili hii zaidi ya mara moja, na toleo linatambulika kwa herufi ya mwisho ya namba ya spea, kwa hiyo isomeni namba yote. Msinunue koili iliyotumika. Mnanunua umri ambao hamuujui. Na sanduku lenye nembo si ushahidi: koili mpya nayo ifungeni, iendesheni ipate moto, muipime kwa taa kama mlivyoipima ya zamani. Mimi nimeshafunga koili mpya kutoka kwenye boksi, ikaruka cheche kwa mizunguko elfu tatu.

Nimesema vya kutosha, na kuna vitu haviingii kwa maneno. Pale chini ya mwembe kuna RX-8 ya kijivu. Mwenyewe amekuja nayo sasa hivi kutoka Kibaha, na anasema ikipita elfu tano inakatakata. Hatujaigusa, na mimi sijui koili gani ina kosa. Taa ya taimingi ninayo kwenye begi. Nahitaji mtu mmoja wa kukanyaga ekseleta na mwingine wa kuandika. Twendeni haraka, kabla haijapoa.